Mtumbwi wa kujiundia, wa fundi, uliotumika au boti ya faiba: upi unafaa Ziwa Victoria

Mtu mwenye kiwanja kinachogusa maji, iwe Luchelele, Igombe au Kayenze huku Mwanza, hachelewi kufikiria kuwa na chombo chake mwenyewe. Mmoja anataka kufikia vizimba vyake vya kufugia sato majini bila kumsubiri mwenye mtumbwi wa kukodi, mwingine anataka kuingia katika uvuvi wa dagaa, na mwingine anataka tu kuvusha mazao yake yafike soko la Kirumba Mwaloni kabla hayajanyauka. Njia zilizo mbele yao ni nne: kujiundia nyumbani, kumpa kazi fundi wa mwaloni (pale ufukweni mitumbwi inapofikia na kushusha samaki), kununua mtumbwi uliokwisha kutumika, au kuchukua boti ya faiba. Ipo na ya tano, ya kufunga mapipa na kuweka mbao juu yake, ambayo nitaigusa kwa ufupi.

Watu wengi huzilinganisha njia hizi kwa bei, na kwa bei pekee kujiundia hushinda karibu kila mara, kwa kuwa gharama ya mbao na misumari inaonekana ilhali gharama ya kosa haionekani hadi siku chombo kinapojaa maji. Mimi nazilinganisha kwanza kwa swali jingine: kabla ya chombo hiki kupakia mtu, nani mwenye ujuzi amekwisha kukikagua? Kwa fundi mzoefu jibu ni fundi mwenyewe pamoja na wavuvi waliokwisha kutumia kazi zake. Kwa boti ya faiba ni kiwanda. Kwa mtumbwi uliotumika ni miaka yake majini. Kwa mtumbwi wa kujiundia, mara nyingi hakuna aliyeukagua.

Inafaa kukumbuka ni maji gani tunayoyazungumzia. Ziwa Victoria lina eneo la takribani kilomita za mraba 68,800 na kina kinachofika karibu mita 80, na upepo unaosafiri umbali mrefu juu ya maji wazi huinua mawimbi mafupi yenye miinuko mikali, ambayo kwa chombo kidogo ni mabaya kuliko mawimbi marefu na mapana. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku nchi kavu ikipoa, pepo za pande zote huelekea ziwani, zikakutana katikati na kuinua hewa yenye unyevu, ndiyo maana radi na dhoruba nyingi za ziwa hili hupiga kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi. Dagaa nao huvuliwa usiku wa giza. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba mtumbwi wake umejaribiwa kwa sababu aliupeleka majini saa nane mchana, katika Ghuba ya Mwanza iliyokingwa na vilima na mawe, hajajaribu chochote kinachofanana na kazi anayokusudia kuifanya upande wa Ghuba ya Speke au njia ya kwenda Ukerewe.

Mtumbwi wa kujiundia

Hatari za mtumbwi huu si moja, na kubwa kuliko zote siyo ile inayoogopwa zaidi. Mjenzi wa nyumbani huogopa kuvuja. Atapaka lami mara tatu, atapaka rangi, atautazama mtumbwi wake ukielea bila tone ndani, na atadhani kazi imekwisha. Hali ni kwamba kuvuja kidogo kunavumilika, kwa sababu hata mitumbwi ya mafundi huingiza maji na wavuvi huyakumba safarini kama jambo la kawaida. Kinachoua kwa haraka ni kupinduka, na kupinduka huamuliwa na umbo, jambo ambalo lami haiwezi kulirekebisha.

Tuchukue mtumbwi wa mita 5. Mtu aliyepungukiwa na mbao ataona kwamba akipunguza upana kutoka sentimita 120 hadi 90 ataokoa robo ya mbao za sakafu, na atafikiri amepoteza robo ya utulivu. Hesabu ya vyombo vya majini haiendi hivyo. Ukinzani wa umbo dhidi ya kulala upande, kwa chombo chenye urefu uleule, hufuata upana wa kipeo cha tatu (upana × upana × upana); upana ukibaki robo tatu ya ule wa mwanzo, ukinzani unabaki kama asilimia 42 tu. Ameokoa mbao chache na kutupa zaidi ya nusu ya kile kinachomzuia kupinduka. Kisha, kwa sababu mtumbwi mwembamba unaonekana mfupi wa kimo, atainua kingo na kuweka viti juu, na kila sentimita anayowapandisha abiria inamsogeza karibu zaidi na hatari.

Uzito ukikaa juu, au ukihamia upande mmoja, haujali kama chombo ni cha mbao au cha chuma. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, kimepakia watu kupita uwezo wake, na waliokufa walizidi 200. Kile kilikuwa kivuko cha chuma kilichoundwa na wataalamu, chenye idadi ya abiria iliyoandikwa. Mtumbwi ulioundwa nyuma ya nyumba hauna hata hiyo idadi ya kupuuzwa. Anayeukadiria uwezo wake ni mwenye mtumbwi, siku ya soko, mbele ya watu wanaotaka kuvuka.

Jambo la pili ni maji yanayokaa ndani. Mtumbwi wa sakafu bapa wenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 1.2 ukiingiwa na maji ya kina cha sentimita 10 tu, umebeba kama lita 400, yaani kilo 400, kwa kuwa hupungua upana kwenye ncha. Kifundo cha mguu hakijazama vizuri, na tayari kuna uzito wa watu watano ndani. Ubaya ni kwamba watu watano wangeweza kuambiwa wakae bila kutikisika, lakini maji hukimbilia upande ulioinama, yakauongezea uzito, ukainama zaidi. Ndiyo sababu mtumbwi ambao umevumilia wimbi la kwanza na la pili unaweza kulala ghafla kwa la tatu, ambalo halikuwa kubwa kuliko yale mawili. Mjenzi mzoefu hugawa sakafu kwa mataruma, yaani mbavu za mtumbwi, na mbao za kukingama ili maji yasipate uwanja wa kukimbia. Mjenzi wa nyumbani huona mbao hizo zinasumbua miguu, akaziacha.

Ya tatu ni misumari na mbao, na hapa ndipo kujiundia kunapoonekana rahisi kuliko kulivyo. Misumari ya kawaida ya samani huliwa na kutu, na kwa kuwa sehemu inayolika imejificha ndani ya ubao, kichwa chake kinaweza kuonekana kizima hata kama shina limebaki jembamba. Inatakiwa misumari iliyopakwa zinki, mirefu ya kupita ubao na kukunjwa ndani. Kuhusu mbao, mvule ulipata heshima yake ziwani kwa sababu hauozi upesi. Paini isiyotiwa dawa ni nyepesi, inapigika msumari vizuri, na huanza kuoza mapema mahali maji ya mvua yanapotuama ndani ya mtumbwi. Watu wa pwani watakuonya juu ya wadudu wanaotoboa mbao baharini. Sisi wa maji baridi hatuna wadudu hao, lakini maji yasiyo na chumvi yanakaribisha uozo kuliko ya chumvi. Plaiwudi ya dukani, ile ya dari na makabati, haifai hata kidogo. Anayebisha achukue kipande chake, akichemshe kwenye sufuria saa kadhaa, kikauke, kisha akichemshe tena. Gundi isiyostahimili maji itaachia na matabaka yatafunguka mkononi mwake. Afadhali yafungukie jikoni.

Tundu nalo lina hesabu yake. Mshono ukiachia na kuacha tundu lenye kipenyo cha sentimita 2.5, sentimita 30 chini ya usawa wa maji, litaingiza takribani lita 40 kwa dakika. Hizo ni ndoo mbili za lita 20 kila dakika, bila kupumzika. Mtu mmoja mwenye kopo hawezi, na anayekumba maji ni mtu mmoja aliyepungua kwenye makasia.

Halafu ipo mashine. Wengi huunda mtumbwi wa kasia na baada ya mwaka hupata fedha ya mashine ya nguvu farasi 15, wakaifunga kwenye ubao wa nyuma ambao haukuumbwa kwa ajili hiyo. Mashine ya ukubwa huo ina uzito unaokaribia kilo 40. Mwongeze anayeiendesha na dumu la petroli, na zaidi ya kilo 120 zimekaa kwenye ncha ya nyuma. Ubao wenyewe umekatwa chini ili mashine ifike majini, kwa hiyo sehemu iliyobeba uzito mkubwa ndiyo yenye ukingo mfupi kuliko zote, na wimbi linalokuja kutoka nyuma, hasa dereva anapopunguza mwendo ghafla, linaingia hapo. Mtikisiko nao unalegeza misumari. Ubao wa mashine unatakiwa kuwa mnene, kufungwa kwa bolti na nati, na kuungwa na mkuku, yaani uti wa mgongo wa mtumbwi ulio chini, kwa kiwiko cha mbao ngumu. Sijaona mjenzi wa mara ya kwanza aliyelifikiria hili kabla ya kununua mashine.

Fundi wa mwaloni

Ukilinganisha na hayo yote, unachomlipa fundi si kupiga msumari. Unamlipa kwa vipimo alivyo navyo kichwani, ambavyo vimepatikana kwa mitumbwi iliyorudi na malalamiko. Atakuuliza kwanza utapakia nini na utapita wapi, na mtumbwi wa dagaa atauumba tofauti na wa kubebea mchanga. Mtazame anapoziba mishono: mtumbwi umelazwa ubavu, naye amekaa chini anasokota pamba kuwa kamba nyembamba, anaishindilia katikati ya mbao mbili kwa patasi butu na nyundo, pigo moja kila baada ya upana wa kidole, na mlio wa nyundo ukibadilika na kuwa mkavu anajua pamba imejaa na anasogea. Lami inakuja baadaye, juu ya pamba. Mjenzi wa nyumbani hufanya kinyume: hupaka lami juu ya mwanya mtupu, ikashika vizuri hadi mbao zilipotanuka na kusinyaa mara chache kwa jua na maji.

Mafundi nao hawalingani, na uungwana hauzuii kusema hivyo. Wapo wanaochanganya mbao mbivu na mbichi pale mteja anapovuta bei chini. Njia ya kumchagua ni kuwauliza wavuvi walio na mitumbwi yake ya miaka mitatu au minne, siyo kuutazama mpya unaong'aa kwa rangi. Mkubaliane kwa maandishi aina ya mbao, aina ya misumari, upana wa katikati na kimo cha ukingo, na uombe kuuona kabla haujapakwa rangi. Mzee wa kazi hatakasirika. Ukimwambia, "Shikamoo mzee, naomba niuone kabla ya rangi," naye akaanza kuleta visingizio, tafuta mwingine.

Kwa mtu anayependa kazi ya mikono, hapa pana njia ya kati ambayo naiona bora kuliko kujiundia peke yako: fundi ajenge mkuku, mataruma na ubao wa mashine, awe ndiye mwenye kauli juu ya umbo, nawe ushinde naye, ukate, upige randa, upake. Utaokoa fedha kiasi na utajifunza kuukarabati mwenyewe, jambo ambalo mwenye mtumbwi wa mbao hulihitaji kila mwaka.

Uliotumika na wa faiba

Mtumbwi uliotumika unaweza kuwa salama kuliko mpya wa kujiundia, kwa kuwa umbo lake limekwisha kupambana na mawimbi, lakini mbao zake ndizo zenye siri. Angalia vipande vya bati vilivyopigiliwa juu ya mishono na uombe kimoja kiondolewe. Mara nyingi uozo umejificha chini yake. Chomeka ncha ya kisu pembeni mwa mkuku na mahali mataruma yanapokutana na sakafu: ikizama bila kusukumwa kwa nguvu, ubao umekufa. Usikatae mtumbwi kwa sababu tu unavuja siku ya kwanza, maana uliokaa juani hufungua mishono na huhitaji kulowekwa ili mbao zitanuke. Ukatae ukiendelea kuvuja vilevile baada ya kulowekwa. Rangi mpya kwenye mtumbwi mzee unaouzwa haraka ni sababu ya kuuliza maswali zaidi.

Boti ya faiba haiozi, haihitaji pamba, na ikigonga jiwe hukarabatiwa kwa kitambaa cha faiba na gundi yake. Bei yake ndiyo ilikuwa kikwazo, ingawa mpango wa serikali wa mikopo isiyo na riba kwa boti na vizimba, ambao Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua Mwanza Januari 2024, uliwafungulia njia baadhi ya wavuvi na vikundi. Ina tofauti moja ambayo muuzaji anaweza asiitaje. Mbao ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo mtumbwi wa mbao uliojaa maji huwa na tabia ya kubaki karibu na uso. Faiba ni nzito kuliko maji, na boti isiyo na vyumba vilivyozibwa au povu la kuielesha huzama moja kwa moja pamoja na mashine. Kabla ya kulipa, omba uonyeshwe povu hilo liko wapi.

Mapipa yaliyofungwa pamoja yanafaa kuwa jukwaa la kusimama kwenye kizimba kilichotiwa nanga, na hapo kazi yake inaishia. Pipa la lita 200 lililozibwa hubeba kama kilo 180 baada ya kutoa uzito wake, hivyo mapipa sita yanashawishi sana. Yakisafiri, kamba hulegea, pipa moja likiingiwa maji kona nzima huzama, na upepo hulisukuma jukwaa utakako wenyewe kwa kuwa halina umbo la kushika njia. Usivuke nalo.

Karatasi, na uamuzi wangu

Sheria haitofautishi kati ya mtumbwi wa fundi na wako. Chombo cha uvuvi kinahitaji usajili na leseni kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, na ukaguzi wa usalama wa vyombo vidogo ni kazi ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililolichukua jukumu hilo mwaka 2018. Tofauti iko katika ukaguzi: mtumbwi wa umbo linalojulikana mwaloni ni rahisi kuukadiria, na wa kujibunia utaulizwa maswali mengi, kwa haki kabisa. Afisa uvuvi wa kata na viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) wanaweza kukutazamia kazi ikiwa bado ni mifupa, wakati ambapo kurekebisha upana ni kung'oa mbao chache.

Kwa anayekwenda kizimbani mita mia chache kutoka ufukweni, ndani ya ghuba iliyokingwa, mchana, kwa kasia, akiwa na mtu mmoja na mifuko michache ya chakula cha samaki, mtumbwi wa kujiundia unavumilika ikiwa ni mpana na mfupi wa viti. Kwa dagaa, kwa mashine yoyote, na kwa safari ya kisiwani, nenda kwa fundi, au kwa faiba ukiimudu. Anayekusudia kupakia abiria wa kulipa asijiundie kabisa, hata kama ni seremala hodari, kwa kuwa kabati lililopinda halijawahi kumzamisha mtu. Na katika kila chaguo, maboya ya kuvaa yahesabiwe ndani ya bei ya chombo, moja kwa kila kichwa, pamoja na kusikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kusukuma.

Kwa aliyekwisha kuunda, majaribio yapo na hayagharimu kitu. Uwe kwenye maji ya kiunoni, na watu wawili wawe ndani ya maji pembeni. Kwanza pakia madumu ya lita 20 yaliyojaa maji, kila moja likiwa na kilo 20, hadi ufikie uzito unaokusudia kubeba. Mtumbwi wa vipimo nilivyovitaja huzama kama sentimita moja kwa kila kilo 40, hivyo mifuko 20 ya kilo 25 itaushusha sentimita 12 au 13. Pima ukingo uliobaki juu ya maji mahali ulipo mfupi kuliko pote, na kumbuka kwamba wimbi linalozidi kimo hicho linaweza kuingia ndani. Kisha sogeza madumu yote upande mmoja. Ukingo ukigusa maji, uwezo wa mtumbwi huo ni mdogo kuliko ulivyodhani, na upunguze mzigo hadi usiguse.

La mwisho wengi hawalitaki. Ondoa mzigo, acha mashine au mawe yenye uzito wake, na ujaze mtumbwi maji hadi pomoni. Mtumbwi wa mbao wenye uzito wa kilo 200 hubaki na nguvu ya kuelea inayozidi kilo 100 kidogo tu, na mashine inakula kama theluthi ya hiyo. Watu watatu wakijaribu kuupanda, utashuka chini yao. Funga madumu matupu yaliyozibwa vizuri chini ya viti, manne mbele na manne nyuma, kwa kamba inayopita kwenye mataruma na si kwenye viti, kisha ujaze maji tena na uone kama sasa unawashika.